Sanduku la Baba na Halmashauri Tano

Vuta kiti, au kama uko jikoni ongeza sauti kidogo, maana leo nataka tuzungumze habari iliyoanzia kwenye stoo ya marehemu baba yangu.

Tulipomaliza arobaini yake, mimi na mdogo wangu tulifungua ile stoo ya uani, pale nyumbani Tabata. Baba alikuwa fundi redio, na fundi wa zamani hatupi kitu. Tulitoa redio na waya, tukatoa viti vibovu, na mwisho kabisa, chini ya turubai, tukakuta sanduku kubwa la mbao. Ndani yake mlikuwa na betri mbili za gari zilizovimba ubavuni. Mlikuwa na tyubulaiti kumi na moja zilizoungua, kila moja imeviringishwa gazeti kama mtoto mchanga. Galoni ya oili chafu. Makopo ya rangi, na chupa ya tina iliyobaki robo. Betri ndogo za redio zilikuwa zimejaa ndoo nzima, nyingine zimetoka unga mweupe. Kulikuwa na kipimajoto cha kizamani, cha zebaki. Mlikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo mama, wakati wa uhai wake, alikuwa akitia sindano zake za sukari. Na mlikuwa na chupa ya soda, bila karatasi, bila jina, ndani ina maji ya manjano. Mdogo wangu alifungua kizibo akarudisha uso nyuma haraka. Ilikuwa dawa ya mende.

Akaniuliza, "Dada, hivi tunavipeleka wapi?"

Nilidhani ni swali la dakika tano. Nikampigia mwenyekiti wa mtaa. Akanipa pole ya msiba kwanza, kisha akasema nimpe mzoa taka. Nikaenda kata, nikamkuta afisa afya, mtu mwema sana, akaniambia ukweli wake: hospitali zina utaratibu, viwanda vina vibali, lakini kwa taka za namna hii zinazotoka nyumbani, yeye hana pa kunielekeza. Nikampigia binamu yangu anayekaa halmashauri nyingine, naye akauliza kwao. Jibu likawa lilelile. Mwingine akauliza ng'ambo ya pili ya jiji. Lilelile. Hakuna aliyenijibu vibaya, na ndiyo maana sitaji ofisi ya mtu. Walinieleza hali ilivyo.

Basi nikamsubiri mzoa taka. Kijana anakuja na guta asubuhi, anapiga filimbi, hana glovu. Nikamwonyesha lile sanduku. Akalitazama kwa jicho la mzoefu, akasema, "Betri nipe, betri ina pesa. Zile taa sizitaki, zikipasuka kichwa kinauma siku nzima. Hiyo dawa mwaga chooni." Alipoinua mkono nikaona kovu, kutoka kidole gumba mpaka karibu na kiwiko, ngozi imejikunja. Nikamuuliza. Akasema mtu alifunga betri ya pikipiki ndani ya kiroba pamoja na maganda ya ndizi. Alipokinyanyua begani, maji ya betri yakamshukia.

Yule aliyefunga kile kiroba, ndugu msikilizaji, sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa kama mimi. Alikuwa na kitu mkononi na hana pa kukipeleka.

Hebu tuitazame hiyo betri kidogo. Betri ya gari zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, yaani yale madini laini mazito, na ndani mna asidi ya salfa. Kwa kuwa risasi inanunulika, betri haikai jalalani. Inaokotwa, inapimwa kwenye mizani ya chuma chakavu, asidi inamwagwa chini palepale, na madini yanakwenda kuyeyushwa. Wengi wetu tunaona hapo ndipo mambo yanapokwisha vizuri, kwamba kitu kimerudi kazini. Sasa muulize mkazi wa Owino Uhuru, kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba zao kuanzia mwaka 2007, moshi ukiingia ndani na maji yakitiririka vichochoroni. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake aliyekuwa akimnyonyesha amedhurika kwa risasi. Akaanza kupiga kelele. Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa, mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inagusa ubongo, na ubongo ukishaguswa, fedha haiurudishi.

Tyubulaiti nayo ina zebaki. Ni kidogo mno, miligramu chache kwa taa moja, na ndiyo maana yule kijana alisema kichwa kinauma, halafu akaendelea na kazi. Lakini taa za jiji zima zikivunjwa katika dampo moja mwaka baada ya mwaka, hatuzungumzi tena miligramu. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, na Tanzania imo, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba taa hizi zisitengenezwe wala kuuzwa nje au kuingizwa baada ya 2027. Ni habari njema. Maana yake pia ni kwamba katika miaka hii michache watu watazing'oa ukutani kwa wingi. Zitakwenda wapi?

Nimejaribu kuelewa tatizo limekaa wapi, maana sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa mzigo wa taka ngumu. Taka hatarishi nazo zina kanuni zake, za mwaka 2021, na anayezikusanya au kuzisafirisha sharti awe na kibali. Ukizisoma unaona aliyeandika alikuwa na picha ya mgodi, kiwanda, karakana. Hakuwa na picha ya sanduku la fundi redio. Betri ikiwa kiwandani inaitwa taka hatarishi na ina karatasi zake. Betri hiyohiyo ikivuka kizingiti cha nyumba yangu inaitwa taka, basi, kama maganda ya ndizi. Sumu ni ile ile.

Kuna jambo linalohusu mtaa wetu ambalo vijana wengi hawalijui. Miaka ya themanini, dampo la Dar es Salaam lilikuwa Tabata. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka mama akikimbilia kamba ya nguo kila upepo ulipogeuka, na nakumbuka tukilala madirisha yamefungwa katika joto la Februari. Moshi ulikuwa na harufu ya mpira na kitu kingine kitamu kitamu ambacho sijapata jina lake mpaka leo. Mwaka 1988 wakazi waliishitaki Halmashauri ya Jiji. Walishinda, lakini Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akakataa kuongeza hata siku moja, na katika uamuzi wake akaigusa haki ya kuishi iliyomo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Watu wa Tabata tulisherehekea. Baba alifungua madirisha yote ya nyumba.

Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Na shangazi yangu alikuwa anakaa Kunduchi.

Alikuja nyumbani siku moja, akaketi, hakugusa chai. Akamwambia baba, "Mmeshinda kesi, mkatuletea sisi." Baba hakuwa na jibu. Wakazi wa Kunduchi nao wakaenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, mkazi mmoja na wenzake 794, na wao wakashinda. Dampo likaenda Vingunguti, kando ya Mto Msimbazi. Kisha Mtoni, karibu na Mto Kizinga, mto ambao maji yake yanachotwa kwa ajili ya watu kunywa. Kisha Pugu Kinyamwezi, ambako liko mpaka leo, na wako watu wanaokaa jirani nalo.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu ya lile sikitiko la shangazi. Kila mmoja wetu alipigania mlango wake, na alikuwa na haki ya kuupigania. Lakini jiji zima tulikuwa tunasukumiana mzigo uleule, na ndani ya mzigo ule zilikuwamo betri zetu, rangi zetu, dawa zetu za mende, ambazo tangu mwanzo hazikupaswa kuwa kwenye lori la taka. Hilo hatukuliomba mahakamani. Hatukujua hata kulitaja.

Sasa, kwa sensa ya 2022 Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728, na ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo kabla ya Februari 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, kisha Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ile Halmashauri ya Jiji ya zamani, iliyokuwa juu ya manispaa zote, ilivunjwa mwaka huohuo wa 2021. Kila halmashauri ina mkurugenzi wake, madiwani wake na bajeti yake. Lakini Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unakusanya maji ya mitaa ya halmashauri zaidi ya moja, unapita Jangwani, unaingia baharini pale darajani Selander. Samaki wa pale hana habari asidi imemwagwa kata gani.

Niliwahi kusoma jinsi wenzetu wa King County walivyolipanga jambo hili, na nimerudia kulisoma tangu tulipofungua lile sanduku. King County iko katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Mji wao mkubwa ni Seattle. Ni eneo la watu zaidi ya milioni mbili, na lina miji 39, mingine mikubwa, mingine midogo kama kata. Kila mji una meya au baraza lake, na kila mmoja unaulinda uhuru wake kwa wivu. Sheria ya jimbo iliwataka wawe na mpango wa taka hatarishi ndogo ndogo, za majumbani na za biashara ndogo. Kila mji ungeweza kuandika mpango wake. Badala yake walikaa pamoja, na kufikia mwaka 1990 wakawa na mpango mmoja. Gari lilikuwa limeshatangulia: mwaka 1989 walianza kuzungusha gari maalumu la kupokea taka hizo, wakaliita Wastemobile, linaweka kambi mji huu siku chache, kisha mji ule.

Nilichokipenda ni namna walivyogawana madaraka. Mpango unasimamiwa na kamati ya watu watano tu. Yuko mtu wa idara ya taka ya kaunti na mtu wa idara yake ya maji na ardhi. Yuko mtu wa afya ya umma. Yuko mtu wa shirika la huduma la jiji la Seattle. Wa tano anaiwakilisha ile miji midogo yote, ili wakubwa wasiimeze. Fedha inatoka kwenye nyongeza ndogo iliyowekwa katika ankara za taka na za majitaka, na kiwango chake kinapangwa na bodi ya afya. Hapo nilisimama nikasoma mara ya pili. Bodi ya afya! Kwa maana waliona kwamba mwishoni hili ni jambo la mapafu na damu za watu, kabla halijawa jambo la magari na matangi.

Mwananchi akifika kituo cha kupokelea taka hizo halipi kitu, maana ameshalipa kwenye ankara yake. Na mkazi wa mji wowote wa kaunti anapokelewa. Anafungua buti, anakaa kwenye gari lake. Wafanyakazi waliofundishwa, wenye glovu na miwani, wanateremsha vitu na kuvitenga: vinavyoshika moto mbali na asidi, dawa za wadudu kwenye pipa lake, betri kwenye pipa lake. Vinavyoweza kurejelewa vinarejelewa, vingine vinapelekwa kuharibiwa mahali penye uwezo huo. Fundi mwenye karakana ndogo naye anaruhusiwa, na hilo ni la busara, kwa sababu baba yangu alikuwa nyumba au alikuwa biashara? Alikuwa vyote viwili, uani.

Najua utaniambia, dada, ile ni Marekani. Ni kweli. Bajeti ya Seattle na ya kwetu hazisimami mstari mmoja. Ila tazama walichokifanya kwanza: walikubaliana nani analipa, nani anasimamia, na kwamba mkazi wa popote anapokelewa popote. Makubaliano hayo hayanunuliwi kwa dola. Na sisi ushirikiano tunaujua. Maji ya DAWASA hayasimami mpakani mwa Ubungo. Mabasi ya mwendokasi yanatoka Kimara, Ubungo, yanashuka Kivukoni bila kuomba ruhusa njiani. Mradi wa DMDP ulijenga barabara na mifereji Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya jina moja. Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande kilichosaidiwa na jiji la Hamburg, ndugu zetu tangu 2010, na Hamburg kwao wana magari yanayozunguka mitaani kukusanya vitu vya sumu vya majumbani. Ndugu huyo hatujamuuliza wanafanyaje.

Halafu kuna hoja nzito zaidi, niliyoipata kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Aliniambia, "Mwanangu, taka za kawaida zimetushinda, wewe unaleta habari za sumu?" Nimeifikiria sana. Nadhani jibu liko kwenye ukubwa wenyewe. Taka za chakula ni milima, kila siku, kila nyumba. Za sumu ni kidogo kwa wingi, na haziozi. Sanduku la baba lilichukua miaka thelathini kujaa. Gari moja likipita kwenye kata mara mbili kwa mwaka, linatosha kuanza. Kwa halmashauri moja peke yake, gari hilo ni ghali: dereva wake, mafunzo yake, kibali chake, ghala lenye sakafu ya zege na paa lisilovuja, na mtu wa kuyapokea mapipa mwishoni. Zikilinunua tano, gharama inagawanyika. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi vidole tunavyo vitano kamili, mkono mzima.

Tukianza, mimi ningeanza na vitu vitatu pekee: betri za aina zote, taa za zebaki, na dawa za wadudu na panya. Rangi na oili zingefuata. Ratiba ingetangazwa misikitini, makanisani na hapa redioni, Jumamosi ya kata fulani, uwanja wa shule fulani. Fedha ingetoka kwenye ada ya taka tunayolipa sasa, kila halmashauri ichangie kwa kadiri ya taka zake, na hesabu ibandikwe ukutani pale serikali ya mtaa tuione. Na tafadhali sana, wazoa taka na wanunuzi wa chuma chakavu waingizwe ndani ya mpango huu. Wao ndio wanaojua betri ziko wapi. Yule kijana wa guta akipewa glovu, chombo kisichovuja, na bei ya haki kwa betri ambayo haijamwagwa maji yake, atakusanya nyingi kuliko gari lolote la halmashauri. Akifukuzwa, atazinunua usiku.

Nimebakiwa na dakika chache, na najua wako wenye sanduku kama letu. Usimwage maji ya betri chooni wala kwenye mtaro. Dawa iache kwenye chupa yake ya dukani yenye maandishi, na kama imo kwenye chupa ya soda, andika jina lake leo hii, uiweke juu ambako mtoto hafiki, kwa maana mtoto akiona chupa ya soda anaona soda. Kopo la dawa ya mbu lisitupwe motoni, hulipuka. Sindano za mgonjwa zitie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, ukaulize kituo cha afya anakotibiwa kama wanazipokea. Taa ya zebaki ikivunjika ndani, fungua madirisha kwanza, watoto watoke, usifagie vipande kwa ufagio. Viokote kwa karatasi ngumu, uvitie kwenye chombo chenye kifuniko.

Sisi la kwetu tumelirudisha stooni. Betri zile sikumpa yule kijana. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa chakula, nikampa nauli ya siku na jozi ya glovu, na najua glovu si jibu. Mdogo wangu ametandika nailoni nzito chini ya sanduku, ameziweka betri zikiwa wima, na juu ya kifuniko ameandika kwa rangi nyekundu: SUMU, MSIGUSE. Juzi mwanangu wa miaka saba alisimama mlangoni akasoma yale maandishi herufi moja moja, akaniuliza litakaa humo mpaka lini. Nikamwambia nitawauliza wakubwa.

Basi nawauliza, hapa hewani. Wakurugenzi watano wa Dar es Salaam, mlango wa studio hii uko wazi. Njooni wote siku moja, mkae meza moja, niulize swali la mtoto huyu. Nawe msikilizaji, tutumie ujumbe, taja kata yako na ulichonacho stooni. Majibu yenu nitayasoma Alhamisi ijayo, saa hizi hizi, panapo majaliwa.